Kisiwa Ambacho Hakikuwepo

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kudeki na kumtafutia mdogo wake kiatu cha pili, ambacho hakikosi kupotea, Kipa alikwenda kumsaidia Shangazi kazi. Jina la Kipa alilipata uwanjani, maana mpira haukumpita kirahisi, na siku hizi hata mama yake alimwita hivyo. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mchoraji wa ramani. Lakini msidhani alichora barabara na maduka. Alichora kitu ambacho hakionekani tena.

"Nachora kinamasi," aliwajibu waliomuuliza. Nao waligeuka huku na huku, wakaona vumbi, nyumba za mabati na nguo zilizoanikwa, wakamhurumia kimoyomoyo.

Kinamasi kilikuwepo kweli. Kabla ya walowezi kufika, upande wote wa chini wa mji ulikuwa maji, tope na matete. Walowezi wakataka mashamba. Waliwalazimisha watu kuchimba mitaro mirefu ya kuyatoa maji, kisha wakachora ramani yao na kuandika kwamba hapa ni pakavu. Kaka wa babu yake Bibi alizama kwenye tope akichimba mtaro, asionekane tena. Bibi, mama yake Shangazi, akikisimulia kisa hicho hushusha sauti, utadhani marehemu yuko chumba cha pili anasikiliza. Sasa halmashauri ilimtaka Shangazi aonyeshe maji yalikuwa yakifika wapi, ili watu wasijenge pabaya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shangazi alizungusha keekee ndefu ya kuchimbia udongo, kisha akaivuta. Kipa aliulaza ule udongo kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, wa juu ukianza, wa chini ukimalizia. Nyumbani Shangazi aliunyunyizia maji na kuutazama rangi. Mwekundu ni wa mahali pakavu tangu hapo. Mweusi wenye mizizi ya matete ni wa kinamasi, na hapo ramani ilipakwa buluu.

Jumamosi moja walichimba kwenye tambarare nyuma ya shule. Mwalimu mkuu alikuja kuwaona.

"Hapa tunataka madarasa ya chekechea," alisema. "Pakiwa pabaya, itabidi tuchukue uwanja wa mpira. Hatuna pengine."

Kipa aligeuka kutazama uwanjani. Uwanja wao! Goli lake la miti miwili alilolilinda tangu darasa la pili!

"Kipa, ivute hiyo, uulaze kama kawaida," Shangazi alisema, akaondoka na mwalimu mkuu kwenda kuonyeshwa mpaka wa shule.

Kipa aliikumbatia keekee kwa mikono miwili, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, ikatoka ghafla, na shimo likatoa sauti: *fyuuup*. Kama mtu aliyebanwa muda mrefu akapata pumzi. Kipa alirudi nyuma mpaka akakaa chini. Jua lilikuwa kali, watoto walikuwa wakipiga kelele upande wa pili wa shule, lakini vinyweleo vilimsimama.

Juu ya keekee kulikuwa na kifusi chekundu kidogo. Chini yake udongo ulikuwa mweusi tii, una mizizi ya matete, unanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika.

Alitazama alikokwenda Shangazi. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Haraka haraka akausukuma udongo mweusi urudi shimoni, akakimbia hadi mlimani, hatua chache juu ya shule, akachota udongo mwekundu kwenye rundo la shimo walilochimba asubuhi, akarudi, akaujaza kwenye bomba na kuukandamiza vizuri.

"Ni tope tu," alijiambia. "Tope haliwezi kusema."

Jioni hiyo ramani ilipakwa rangi mezani. Mashimo yote ya tambarare yalikuwa buluu, isipokuwa moja la katikati, lililobaki jekundu.

"Ajabu!" Shangazi alisema. "Kuna kisiwa hapa."

Bibi, aliyekuwa akishona kifungo cha shati, aliinua kichwa. "Kisiwa? Pale nyuma ya shule?"

"Ndiyo, mama. Kikavu kabisa. Mwalimu mkuu atafurahi."

Sindano ya Bibi ilisimama hewani. "Yule mzee wetu alizama palepale," alisema polepole. "Siku zote tumeambiana kwamba hapakuwa na pa kukanyaga. Kumbe palikuwepo. Kumbe angefika." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea kushona.

Kipa alitamani sakafu immeze. Lakini ulimi ulikuwa mzito, na uwanja ulikuwa umeshapona. Akajikaza kisabuni, akaenda kunawa mikono. Alinawa mara ya pili, akanawa tena, na harufu ile haikutoka.

Tangu hapo sauti ikawa inamfuata. Jirani yake darasani akifungua chupa ya maji, *fyuuup*. Mama akizibua karo la jikoni, *fyuuup*. Hata golini, pale alipopaokoa mwenyewe, alisimama akisikiliza ardhi badala ya kuangalia mpira.

"Kipa gani wewe? Kapu!" wenzake walimzomea alipofungwa goli la mtoto.

Mafundi walikuja wakapigilia vigingi na kufunga kamba juu ya kisiwa. Kesho yake mvua ikanyesha asubuhi nzima. Ilipokatika, mdogo wake Kipa, mtoto wa miaka minne aliyeitwa Kibonge kwa mashavu yake, alivaa mabuti na kumvuta mkono.

"Twende nikaone darasa langu!"

Walipofika, Kibonge alipita chini ya kamba, akasimama katikati kama mwalimu. "Hapa kiti changu. Hapa kiti cha rafiki yangu. Hapa we' usikanyage!" Akacheka, akataka kuhama, na buti likagoma. Akavuta kwa nguvu zake zote. Buti likatoka, na chini yake ardhi ikasema: *fyuuup*.

Kipa alimnyanyua mdogo wake, buti la mguu wa pili likabaki palepale. Unyayo wa Kibonge ulikuwa ukijaa maji, taratibu, kutoka chini, ingawa mvua ilikuwa imeshakatika. Kipa aliona kuta nne pale. Akaona watoto ndani yake.

Alikimbia na Kibonge mgongoni hadi chumbani kwa Shangazi.

"Shangazi, hakuna kisiwa! Nilikitengeneza mimi. Udongo ulikuwa mweusi, nikaweka mwekundu. Sikutaka watuchukulie uwanja." Kisha akalia kwa kwikwi.

Shangazi hakufoka. Aliichukua keekee, akampigia simu mwalimu mkuu, na wakaenda wote, Bibi naye akafuata nyuma kwa mkongojo. Walichimba ndani ya kamba. Udongo ukatoka mweusi. Waliinama kutazama shimoni, na huko chini maji yalikuwa yakipanda, bila haraka, kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

"Basi hapakuwa na pa kukanyaga," Bibi alisema.

"Hapakuwa, Bibi. Nisamehe."

Bibi aliokota kipande cha mzizi wa tete, akakifunga kwenye pindo la nguo yake. "Mwombe radhi na yeye," alisema, akionyesha shimo. Kipa aliinama akaomba radhi, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu mkuu aliagiza vigingi vihamishiwe kwenye uwanja wa mpira. Adhabu ya Kipa ilikuwa kuwaeleza wachezaji wenzake yeye mwenyewe, nao walimnunia wiki nzima. Baadaye waliihamishia miti ya goli kwenye tambarare. Mvua ikinyesha, mechi huahirishwa na vyura hushika uwanja.

Jioni ya siku ile walipochimba upya, Shangazi alitandaza ramani mezani.

"Mimi nina kosa langu," alisema. "Nilishangaa kuona kisiwa, na aliyeshangaa alipaswa kuchimba tena. Sikuchimba kwa sababu nilikuamini. Lako ni kubwa zaidi. Wale walowezi walituachia uongo mmoja, kwamba hapa ni pakavu. Sisi tunachimba mji mzima kuufuta uongo huo, halafu wewe ukauongezea wa pili. Uongo wako ungemwangukia mdogo wako, na ulishamwangukia Bibi. Ukitaka kitu, kitetee kwa mdomo wako mbele ya watu, hata ukishindwa. Usiubadilishe ukweli ili ushinde. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Shangazi alimsogezea kikopo cha rangi ya buluu. Kipa alichovya brashi, akashika pumzi, akakizamisha kisiwa.