Mwanamke Aliyemtangulia Kadzo Jikoni

Jua lilikuwa linazama Kadzo alipofika kwenye duka la Bi Mwanatabu, pale Kisauni, kununua unga na sabuni. Alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri. Alikuwa amepika mahamri ya kuuza, akamwandaa mtoto, kisha akashinda akipiga pasi mashuka ya hoteli huko Bamburi. Nyumbani vyombo na nguo chafu vilikuwa vinamngoja.

"Shikamoo, Bi Mwanatabu. Nipe unga."

"Marahaba. Unga gani tena, mwanangu? Si umetoka nao hapa sasa hivi?"

"Mimi? Mimi ndio kwanza nashuka garini."

"Wallahi, nimekupa kwa mkono wangu huu." Bi Mwanatabu akateremsha sauti. "Ila hukunisalimu."

Kadzo aliondoka bila unga. Hii ilikuwa wiki ya pili ya mambo kama haya. Akiamka hukuta nguo zimefuliwa, uwanja umefagiwa. Akadhani alifanya mwenyewe kwa usingizi, akasahau. Lakini kadiri kazi zilivyopungua, ndivyo mifupa ilivyozidi kumuuma, kama aliyepigwa. Na Dhahabu, binti yake wa miaka sita, alikuwa ameacha kabisa kuingia jikoni.

Alipokaribia nyumba alisikia harufu ya samaki wa nazi. Kisha sauti ya kisu.

Tk... tk... tk...

Akasogeza pazia la jikoni. Mwanamke alikuwa amempa mgongo, akikata vitunguu. Leso ile ile aliyojifunga Kadzo. Mabega yale yale. Hata kovu la pasi kwenye mkono.

Kila kisu kilipogonga ubao, mkono wa Kadzo uliuma.

"Umechoka," mwanamke yule alinong'ona bila kugeuka, kwa sauti ya Kadzo. "Nenda kalale. Nitaendelea mimi."

Kadzo alirudi nyuma hadi barazani. Mumewe, Charo, alikuwa amekaa na simu yake, miguu juu ya kiti.

"Charo. Nani yuko jikoni?"

Charo hakushtuka. Aliinamisha macho.

"Usipige kelele... atasikia." Akaiweka simu chini. "Kila siku unalia umechoka. Nikakuonea huruma. Kuna mzee mmoja huko Jomvu Kuu. Alitaka nywele zako na leso moja tu. Akasema atakuongezea mikono."

Hofu yote ilimtoka Kadzo. Iliyobaki ilikuwa hasira kali.

"Mikono? Na hiyo yako miwili ni ya nini, Charo? Umeliruka beseni la vyombo hapo mlangoni, ukaenda mpaka kwa mganga?"

"Mimi ni mwanamume, Kadzo..."

"Basi kaa na mke wako huyo!"

Alimbeba Dhahabu, aliyekuwa amejikunyata pembeni mwa baraza, akatoka na nguo alizovaa. Jikoni kisu hakikusimama.

Walifikia kwa dada yake, Nyamvula, katika nyumba walimokulia huko Mikindani. Kadzo alilala siku nzima na usiku wake. Alipoamka, mifupa haikumuuma.

Siku ya tatu, magharibi, simu ililia. Charo alikuwa ananong'ona.

"Kadzo... rudi."

"Mwambie huyo akupikie."

"Ameshapika. Tangu uondoke hajalala." Pumzi zilimwenda mbio. "Sasa anasema amechoka. Anataka wa kumsaidia... Ananitazama mikono, Kadzo."

Nyuma ya Charo, polepole, Kadzo akasikia sauti yake mwenyewe.

"Charo... njoo."

Simu ikakatika.

Nyamvula alikuwa amesimama mlangoni. "Utakwenda?"

"Siendi!" Kadzo akasema kwa ukali. "Alipoombwa aoshe kikombe kimoja alikataa. Siendi, dada."

Lakini aliinuka akafunga mlango kwa komeo.

Dhahabu alikuwa akimtazama kutoka kwenye mkeka.

"Mama, yule wa jikoni anaijua njia ya huku?"

Kadzo akalikaza tena komeo. Njia ya huku yeye mwenyewe alikuwa akiijua tangu utotoni.