Shangazi Haitwi kwa Simu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, familia ya Mzee Mseti wa mtaa wa Kamunyonge, Musoma, hukaa uani. Ukipita nje ya ukuta utadhani nyumba haina watu. Baba yupo kwenye kiti chake cha kamba, anasoma habari za mpira na kutabasamu peke yake. Mama Scholastika yupo mkekani, sikio moja kwenye mahubiri ya simuni na la pili kwenye sufuria iliyo jikoni. Jenipher, binti mkubwa, anaongea na mchumba wake kwa vidole. Wegesa, mwanafunzi wa darasa la sita, ameinamia simu ya zamani ya mama yake, ile yenye kioo kilichopasuka, anatazama video za watu wanaoteleza na kuanguka. Akicheka, hakuna anayemuuliza anacheka nini.

Zamani haikuwa hivyo, na wala si zamani ya mbali. Bibi Nyangi, mama yake baba, alipokuwa hai, uani palikuwa na kelele kama sokoni. Mama alikuwa akileta ungo wa dagaa, wote wanauzunguka na kuchambua mchanga, huku midomo ikifanya kazi kuliko mikono. Baba alikuwa fundi wa kuiga sauti za watu. Aliwaiga wateja wa duka lake la vipuri vya baiskeli, mmoja mmoja, mpaka mama anashika mbavu na kumwomba anyamaze. Wegesa alikuwa mdogo wakati huo, lakini jioni zile alizikumbuka vizuri, na alipozikumbuka alihisi kitu kama njaa.

Bibi Nyangi alikuwa na kazi yake nyingine, kuita watu. Kwao, shughuli ikiwa kubwa, ndugu wa heshima haitwi kwa salamu za kupitishwa njiani. Mtu wa nyumba hufunga safari, hufika, huketi, hula atakachopewa, huuliza habari za watoto, za ng'ombe na za shamba. Mwisho kabisa ndipo husema, "Nimetumwa nije nikuite." Asiyeitwa hivyo haji, na hakuna wa kumlaumu. Bibi alipokwenda kuita, Wegesa ndiye aliyembebea mfuko wa sukari na majani ya chai.

Sasa Jenipher alikuwa amepata mchumba, kijana mwalimu wa Bunda, na siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya ndoa, ilikuwa imepangwa. Jioni moja baba alisema, "Wegesa, Jumamosi hii utaenda Butiama kumwita shangazi yako Boke. Wewe ndiye ulikuwa unaendaga na bibi, njia unaijua."

Shangazi Boke hakuwa mgeni wa kujaza viti. Alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyembeba mgongoni utotoni. Mama alipougua kwa muda mrefu, shangazi alimchukua Jenipher akiwa bado anatambaa, akamlea mpaka akaanza shule. Yeye ndiye aliyepaswa kumshika Jenipher mkono na kumwingiza ukumbini, na jambo hilo halikuwa na mjadala.

Lakini Jumamosi hiyo Wegesa na rafiki zake wa mtaa wa Kitaji walikuwa wamepanga kurekodi video ya kucheza. Kesho yake jioni, akamsogelea baba taratibu.

"Baba, si nimtumie tu shangazi picha ya kadi ya mwaliko? Naituma kwenye simu ya Gody, yeye atamwonyesha."

"Ee," alisema baba. Macho yake yalikuwa kwenye kioo. Timu yake ilikuwa imekosa penalti.

Basi Wegesa akatuma kadi. Gody, mtoto wa mwisho wa shangazi, alijibu haraka sana kwa picha ya kidole gumba kilichosimama. Wegesa akaona kazi imekwisha, na Jumamosi akaenda zake Kitaji kucheza.

Juma la sendofu likaingia. Nyumba ilijaa vitenge, masufuria ya kuazima na ndugu wa kila namna. Alhamisi mchana Wegesa alipeleka chakula dukani kwa baba, akamkuta Thadeo, fundi baiskeli wa Butiama, akichagua tairi.

"Mseti," Thadeo alisema, "huyu dada yako mmemfanya nini? Anasema habari za sendofu amezisikia kwa wauza mihogo. Anasema labda siku hizi hana ndugu Musoma."

Baba alicheka, kisha akaona Thadeo hacheki. Akapiga simu hapo hapo. Sauti ya shangazi ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha baba.

"Nakusikia vizuri, Mseti. Mwambieni Jenipher namtakia heri. Huku sisi wazima." Simu ikakatika.

Nyumbani Jenipher alikuwa akijaribu gauni lake. Aliposikia, alilivua na kuliweka kitandani. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Bila shangazi mimi sitoki chumbani. Aliyenifundisha kushika mwiko ni yeye. Nani ataniingiza ukumbini, MC?"

Baba akageuka. "Wegesa! Si nilikutuma uende?"

"Ulinituma, baba. Halafu nikakuuliza kama nitume kadi kwa simu, ukasema ee."

"Mimi?"

"Ulikuwa unaangalia mpira."

Baba akamtazama mama kuomba ushahidi. Mama akatikisa kichwa. "Nilikuwa hapo hapo mkekani, baba Jeni, na sikusikia kitu. Nilikuwa na mahubiri yangu."

Hakuna aliyemgombeza Wegesa tena, na hilo likamuuma kuliko kugombezwa. Ndani ya moyo wake alijua ukweli. Alijua kabisa kwamba baba hakumsikia siku ile. Aliichukua ile "ee" kwa sababu ilimfaa. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Aliporudi, alisimama mbele ya baba. "Baba, nilijua hujanisikia. Nilifanya makusudi. Nataka kwenda kumwita shangazi mwenyewe, kesho."

Baba alimtazama kama mtu anayemwona baada ya safari. "Tutaenda wote," alisema.

Ijumaa asubuhi duka halikufunguliwa. Baba aliiacha simu yake kabatini, akaubeba mfuko wa sukari mwenyewe. Waliposhuka kwenye basi, Butiama, walishika njia ya miguu inayopita katikati ya mawe makubwa. Juu ya mawe yale wanawake walikuwa wameanika udaga, mihogo iliyovundikwa, na harufu yake ya uchachu ilijaa hewani. Mwanzoni mkono wa baba ulikuwa ukienda mfukoni kila baada ya hatua chache, ukikuta hamna kitu unarudi.

Kisha baba akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi yeye na Boke walivyokuwa wakipita hapo wakitoka kuchunga, na jinsi Boke alivyompiga kijana mmoja aliyemnyang'anya mdogo wake embe. Akaiga sauti ya yule kijana akiomba msamaha. Akamwiga Bibi Nyangi akiwafokea wote watatu. Wegesa alicheka mpaka akakaa chini juu ya jiwe. Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa amemkumbuka baba yake, ingawa walikuwa wakilala nyumba moja kila siku.

Walimkuta Gody barazani, amevaa visikilizio. Aliporuka kuamkia, "Shikamoo mjomba," visikilizio vilimwanguka miguuni. Shangazi Boke alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, akipukuchua mahindi. Hakuinuka. Zamani angewapokea njiani kwa vigelegele, akamnyang'anya Wegesa mzigo. Leo alisema tu, "Gody, walete viti wageni."

Neno hilo wageni lilimchoma baba, akainamisha kichwa. Chakula kililetwa, ugali wa udaga na maziwa ya mgando. Shangazi alikiombea chakula kwa sauti ndogo, wakala. Walipomaliza kunawa, baba akamgusa Wegesa kwa kiwiko. Aliyetumwa ndiye msemaji.

Wegesa alijaribu kukumbuka bibi alivyokuwa akianza.

"Shangazi, watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Unamwona huyo mmoja."

"Na ng'ombe?"

"Yule wa madoa amezaa. Ndama jike."

"Na shamba?"

"Shamba sijaliona tangu mvua zianze."

Wegesa angekuwa kwenye simu, angesema "sawa" na kuendelea. Lakini alikuwa amekaa karibu, magoti yao yakikaribia kugusana, na aliona jinsi shangazi alivyokunja uso alipousogeza mguu wake wa kushoto.

"Kwa nini, shangazi? Unaumwa?"

Shangazi akainua pindo la kitenge. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, kimefungwa kitambaa cha khanga kuukuu. Aliteleza juu ya jiwe akianua udaga, mvua ikiwa inanyesha. Tangu hapo kutoka nyumbani kwake kulikuwa kwenda kanisani tu, tena kwa kubebwa kwenye baiskeli.

Baba alisimama. "Dada! Mbona hukusema? Mimi si nakupigiaga kila Jumapili?"

"Unanipigia," alisema shangazi. "Unauliza, 'Dada, mzima?' Nami nasikia huku unamwambia mteja bei ya mnyororo. Ungetaka niseme nini? Nasema mzima. Ningesema mguu, ungesema pole, tungekata, ukaendelea kuuza."

Baba alikaa tena. Alijipangusa uso kwa kiganja, na Wegesa aliona kwamba anapangusa machozi.

Gody alikuwa amesimama kando, akichora ardhi kwa kidole cha mguu. "Mama," alisema, "kadi ililetwa. Wegesa aliituma kwangu. Nilikuwa katikati ya gemu, nikajibu haraka, halafu nikasahau."

Shangazi alimtazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira. "Tunakula sahani moja, mwanangu," alisema.

Wegesa alitoka kitini akapiga magoti mbele ya kigoda. "Shangazi, nimetumwa nije nikuite. Nilitumwa tangu mwanzo, nikaona uvivu, nikatuma picha. Nisamehe. Dada Jenipher amevua gauni. Amesema bila wewe hatoki chumbani."

Shangazi Boke alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakamtikisika. Wegesa alidhani analia, na kweli alikuwa akilia, lakini alipojifunua alikuwa pia anacheka.

"Amevua gauni? Huyo mtoto ana kichwa kigumu tangu anatambaa! Gody, leta ule mfuko ulio nyuma ya mlango."

Ulikuwa mfuko wa unga wa ulezi. Shangazi alikuwa ameupanda ulezi huo mwenyewe kwa ajili ya togwa ya Jenipher, akauvuna, na hata baada ya kuumia alimtuma mtu ausage. "Nilijisemea, wasiponiita nitainywa togwa yote peke yangu niharishe," alisema, na baba akaangua kicheko ambacho Wegesa hakuwa amekisikia tangu Bibi Nyangi afariki.

Walipokuwa wakimsubiri mwenye gari aliyekwenda kuitwa na Gody, shangazi alimvuta Wegesa akae karibu naye.

"Sikilizeni, na wewe Mseti usikie, maana umri haujakuponyesha," alisema. "Mimi simu siichukii. Mwanangu aliye Mwanza namsikia kwa simu hiyo hiyo, namshukuru Mungu. Lakini mnajua kwa nini wazee walimtaka mtu aende kwa miguu yake? Anayetumwa kuita ametumwa na macho pia. Anaona kama paa linavuja. Anaona kama huyu anayesema mzima ni mzima kweli. Ile kadi ingenifikia ningejua siku na ukumbi, lakini nyinyi msingejua kwamba nina mguu. Habari za haraka tumeni kwa simu. Mtu wenu nendeni mkamwone. Na mkiwa pamoja, mtazamane basi! Mimi niko mbali, nina sababu ya kutosikika. Nyinyi mliokaa ua mmoja mna sababu gani?"

"Hatuna, dada," alisema baba.

Jioni ile ile walimpitisha shangazi hospitali. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, ila mishipa imeumia na alichelewa sana kuja. Aliufunga mguu bandeji na kumwamuru asiukanyage bila msaada. Jenipher alipomwona akiteremka garini alikimbia peku mpaka barabarani, na majirani wakadhani kuna msiba.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Muziki wa kuingia ulipopigwa, watu wote walisimama na kuinua simu zao. Jenipher alitokea mlangoni akiwa ameshikwa mkono na Shangazi Boke, aliyevaa kitenge kipya na kuinua kidevu kama mama wa kanisa. Upande wa pili wa shangazi alitembea Wegesa, pole pole, akiwa ameegemewa begani, akihesabu pumzi za shangazi na kusimama kila alipohisi vidole vya shangazi vinamkaza. Picha za siku ile zilisambaa kwenye magrupu yote ya ukoo, na kila aliyeziona alisifu jinsi shangazi alivyosimama wima. Bega la Wegesa lilimuuma kwa uzito wa shangazi mpaka Jumatatu, naye alitamani maumivu yale yasiishe upesi.