Bastola ya Mikono Miwili

Mkono wa roboti uliinua bastola mpaka karibu na dari, ukaiachia. Ikaanguka kwenye zege kwa mdomo, ikadunda, ikabingirika, na risasi ikabaki imelala ndani ya chemba, nyuma ya mtutu. Taa ya kijani kwenye mpini ikawaka: imefungwa.

"Ningeanguka hivyo mimi, ningeshatukana," alisema Mhandisi Nakiete Mbwambo, na maabara nzima ikacheka.

Alikuwa mtu wa mizaha, lakini silaha hakuifanyia mzaha. Bastola ya kizamani, ikisafishwa sebuleni, ilimuua kaka yake. Ndipo akabuni kitambuzi-kiganja, komeo linalosoma kiganja cha mwenye silaha. Kiganja kigeni kikishika mpini, pini ya kufyatulia risasi haisogei hata triga ivutwe na tembo. Kesho yake walinzi wote wa jiji la Dodoma Mpya wangegawiwa bastola hiyo. Lilibaki jaribio moja: kukabidhiana zamu.

"Mama mhandisi, hili ni la kutimiza utaratibu tu," alisema Mkurugenzi Rwechungura.

Waliingia walinzi wawili, Sajini Chidawali mkongwe na Pendaeli, binti aliyekuwa anampokea zamu. Zamani mlinzi alitoa magazini yenye risasi, akafungua chemba na kuchungulia, ndipo akakabidhi. Tangu bastola hii ianze kujaribiwa, walinzi walitazama taa, basi. Nakiete aliona magazini bado imo. Kabla hajasema neno, Pendaeli alikwisha kupokea.

Alipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa kupokea kitu cha mkubwa. Mkono mmoja ukafunika mkono wa Sajini, kidole chake kikateleza kwenye triga. Mpini ukasoma kiganja cha Sajini, mwenye silaha, komeo likafunguka. Bastola ikalia.

Sajini akakaa chini taratibu. Buti lilikuwa limetoboka, kidole kidogo cha mguu hakipo.

"Nisamehe, baba. Nisamehe."

"Nyamaza, mwanangu. Kilikuwa kinanibana siku zote," alisema Sajini, jasho likimchuruzika.

Alipokwisha kupelekwa hospitali, Mkurugenzi alikohoa. "Bahati mbaya tu. Roboti imejaribu miezi yote bila kosa."

"Roboti ina mkono mmoja, bosi, na adabu hatukuifundisha."

"Utarekebisha huku inatumika. Jiji linasubiri."

"Lisubiri likiwa na vidole vyake. Haitoki."

"Nitamtafuta mhandisi mwingine."

"Mtafute. Na yeye mwambie apokee kwa mikono miwili."

Mkurugenzi alitazama damu sakafuni, akaondoka. Nakiete akavuta kiti, akaifungua bastola. Kuweka kitambuzi cha pili kwenye triga ilikuwa kazi ya wiki chache, aliijua. Kilichomsumbua ni ile taa. Yeye ndiye aliyewapa watu wazima sababu ya kuacha kuchungulia.

Wiki zikapita; bastola haikugawiwa, na triga ikapata kitambuzi cha pili. Sajini alirudi maabara na fimbo, akasimama palepale kukabidhi. Mdomo wa bastola ulielekezwa kwenye pipa la mchanga. Pendaeli alificha mikono nyuma.

"Mama, taa iko wapi?"

"Nimeing'oa."

"Sasa nitajuaje?"

"Toa magazini. Fungua chemba. Tia kidole."

Pendaeli akaipokea, akafanya. Chuma kilikuwa cha baridi, na ndani hamkuwa na kitu.

"Tupu," alinong'ona.

"Nani kakwambia?"

"Nimegusa mwenyewe."

Sajini akaanza kupiga makofi. Nakiete akamnyamazisha kwa jicho, akairudisha magazini mahali pake.

"Rudia."