Sarafu Juu ya Barafu

Plagi ilikuwa sakafuni, na mlango wa friza ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha kupitisha ngumi. Daktari, msaidizi wa marehemu Profesa, ndiye aliyeikuta hivyo asubuhi alipofungua maabara, na kelele alizopiga zilimfikia mlinzi kule getini.

Inspekta alipofika hakukaa. Kituoni walimwita Kiguu na Njia, na siku hiyo jina lilimkaa barabara, maana alizunguka chumba kile kidogo mpaka mlinzi akaanza kuona kizunguzungu. Alikuwa na sababu, wala hakuificha. Ndani ya friza ile mlikuwa na damu yake mwenyewe. Alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, homa ya madoa ilifagia watoto nyumba hadi nyumba, na Profesa, enzi hizo msichana asiyesikilizwa na mtu, ndiye aliyegundua dawa. Alichukua damu ya watoto wa kwanza kupona, akaihifadhi maisha yake yote. Sasa homa ilikuwa imerudi na sura mpya, dawa ya zamani inasuasua, na wataalamu walikuwa njiani kuja kuipima damu ile.

"Nani alikuwa wa mwisho humu?" aliuliza.

Daktari alifuta miwani. "Sipendi kusema, Inspekta."

"Sema hivyo hivyo usivyopenda."

"Binti yake. Alikuja jana jioni kuchukua vitu vya mama yake. Nilimwacha peke yake nikaenda kupokea simu. Alikuwa na hasira. Alisema friza hii ndiyo iliyomnyang'anya mama."

"Kweli afande, nilimsikia," mlinzi alidakia. "Alisema laiti angeitia moto."

"Na wewe usiku ulikuwa macho?"

"Jicho moja moja, afande. Kwa zamu."

Inspekta hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya friza. Vichupa vya mbele vilikuwa chepechepe. Nyuma kabisa, kwenye kona, aligusa kikombe cha plastiki kilichojaa barafu, ngumu bado, juu tu ndiko kulikoanza kulowa. Alikiinua kwenye mwanga. Chini kabisa, kwenye kitako, palikuwa na sarafu.

"Hiki nini?"

"Sijui," alisema Daktari. "Profesa alikuwa na mambo yake."

Inspekta alikitia kikombe kwenye kisanduku cha baridi, akatoka kwa hatua ndefu.

Binti wa Profesa alikuwa fundi cherehani; Inspekta alimkuta nyumbani kwa mama yake akikunja nguo za marehemu. Macho yalikuwa mekundu, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Nilisema, ndiyo. Ningesema tena. Mama hakuja harusini kwangu kwa sababu umeme ulikatika, afande. Alibaki kulinda friza!" Alitupa gauni kitandani. "Lakini kuchomoa? Ningechomoa nikiwa mtoto. Sasa nimeshamzika, halafu nikamzike tena? Tangu asubuhi majirani wananitazama kama muuaji. Mkinifunga, hata wanangu wataamini nimeua kazi ya bibi yao."

"Kuna kikombe cha barafu," alisema Inspekta, akitembea kati ya dirisha na mlango. "Kina sarafu."

Binti alicheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kilio. "Hata hapa nyumbani alikuwa nacho. Unagandisha maji, unaweka sarafu juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, sarafu inazama, na umeme ukirudi inaganda huko huko chini. Utotoni niliiiba nikanunua peremende, nikachapwa. Kule maabara hakumwambia mtu yeyote. Alisema ukiwaambia, wataipandisha."

Inspekta alisimama ghafla. "Mara ya mwisho aliiona lini?"

"Siku aliyolazwa. Alikataa kwenda hospitali kabla ya kupitia maabara. Nilimshika mkono. Alitoka akasema, 'Iko juu. Sasa twende.' Ufunguo akamwachia Daktari, na hakurudi tena."

Alasiri Inspekta aliwakusanya watatu wale mbele ya friza, akamgeukia mlinzi.

"Tangu Profesa alazwe, umeme umewahi kukatika?"

"Ulikatika siku ya mazishi, afande, mpaka kesho yake. Daktari alisema jenereta ataiwasha mwenyewe, chumba hiki ufunguo anao yeye tu."

Inspekta alikiweka kikombe mezani. "Barafu hii haikuyeyuka usiku wa jana, bado ngumu. Lakini sarafu iko chini. Kwa hiyo friza ilikufa zamani, baada ya Profesa kulazwa, kisha ikagandishwa upya. Damu iliharibika siku hiyo. Aliyehitaji friza ife mara ya pili ni yule aliyejua kwamba imekwisha kufa mara ya kwanza."

Daktari aliketi bila kukaribishwa.

"Nilikuwa nimebeba jeneza," alisema. "Jenereta ilinitoka kabisa akilini. Niliporudi, umeme ulikuwa umerudi, kila kitu kimeganda kama kawaida. Nikanyamaza. Halafu wataalamu wakasema wanakuja, na wao wangegundua."

"Ukaona bora aumbuke huyu dada?"

"Nilidhani mtoto wa Profesa atasamehewa."

"Mama alikuita mwanangu," binti alisema. "Alikusomesha. Mimi nilikuonea wivu miaka yote. Ungeniambia tu umesahau, ningekuelewa. Mimi ningekuelewa kuliko mtu yeyote!"

Daktari aliinamisha kichwa, akalia waziwazi.

Inspekta alikunja mkono wa shati. "Utakwenda nami kituoni. Lakini kwanza nijibu. Damu ya mtu aliyepona, baada ya miaka yote hii, bado inaikumbuka homa?"

Daktari alipangusa uso. "Huenda. Profesa aliamini hivyo."

"Basi toa. Wenzangu tuliopona nitawatafuta mmoja mmoja. Miguu ninayo."

Daktari alinawa mikono, akamtoa damu taratibu, kama alivyofundishwa na Profesa. Binti alirudisha plagi, akaiweka chupa ya damu ndani. Kisha akayeyusha barafu ya zamani, akatoa sarafu, akajaza kikombe maji mapya, akakisukuma mpaka kona ya nyuma, akavuta kiti, sarafu akiwa ameifumbata mkononi.

"Lazima yagande kwanza," alisema.

Inspekta alimtuma mlinzi akaite gari la kituo. Kisha akavuta kiti kingine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akakaa.