Meno ya Rivasi

"Ameingia," mkewe alisema.

Fundi Nyoofu alikuwa amelala chali chini ya gari, giaboksi aliyoipandisha asubuhi ikiwa juu ya pua yake. Ndivyo walivyomaliza kila kazi: mke anakaa kwenye usukani, anakanyaga klachi na kusogeza gia, mume anasikiliza chini. Namba moja, imeingia. Namba mbili, imeingia. Hivyo hivyo mpaka ya tano. Alipomwambia aweke rivasi, kilisikika kitu laini, kama mtu anayemeza mate, ndipo mke akasema vile.

"Imeingia, mama watoto. Gia si mtu."

"Nimesema ameingia."

"Basi mkaribishe chai!"

Mke hakucheka. Na huyo ni mwanamke aliyekuwa hajizuii kucheka hata msibani.

Watu hupenda kusema majini hutoka usiku. Uongo mtupu. Jua lilikuwa la utosini, na mabati ya gereji yalikuwa yakialika kwa joto.

Ukweli usemwe, Nyoofu alikuwa ameonywa. Mwenye gari, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilileta kwa sababu giaboksi ilikuwa ikivuja oili na namba tatu ilikuwa ikiruka. "Tengeneza hayo mawili," alisema. "Rivasi usiguse. Haina, na siihitaji. Nikitaka kurudi, nazunguka."

Damu ikamchemka Nyoofu. Gari litoke mikononi mwake bila rivasi, halafu watu waseme nini? Huyu ndiye fundi aliyewahi kumfukuza mteja kwa kumtaka apake rangi juu ya kutu. Hakubishana na mzee. Alishusha giaboksi, akaifungua, akakuta gia ya rivasi imevunjwa meno kwa tindo na nyundo, makusudi kabisa, na imezungushiwa waya wa shaba uliosokotwa pamoja na nywele laini za mtoto mchanga.

"Ushenzi gani huu?" Akakata waya, akautupa kwenye vyuma chakavu, akaosha kila kitu kwa petroli, akafunga gia nzima aliyoitoa kwenye giaboksi nyingine. Kazi ya bure, kwa heshima ya jina lake tu.

Sasa mke alishuka garini kinyumenyume. Akavuka ua kinyumenyume, katikati ya ndoo na kamba za nguo, bila kugeuka na bila kugusa kitu, akaingia jikoni kwa mgongo. Nyuma yake ikabaki harufu: oili iliyoungua, na chini ya oili, maziwa aliyocheua mtoto.

Miaka yote alimwita mumewe "mzee". Kesho yake alimwita "mpenzi", kwa haya ya bibi harusi, na mvi zilikuwa zimemwisha kichwani.

"Watoto wamepiga simu, wanakusalimu," Nyoofu alimwambia, akimpima.

"Watoto gani?" mke aliuliza. Na watoto wenyewe wameshaoa na kuolewa.

Jua lilipoanza kushuka alikuwa akimwita "kaka", akiuliza kwa adabu gereji hii ni ya nani, na kila alipogeuza shingo kilisikika kitu kikisagana mle ndani, krrr, kama gia inayolazimishwa.

Nyoofu akampigia simu mwenye gari.

"Umetengeneza rivasi," mzee alisema, hata kabla ya salamu.

"Mke wako... naye ilimpata?"

"Ilimpata."

"Alikufa?"

"Angekufa ningezika, mwanangu," mzee alijibu kwa sauti ndogo. Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mnene asiyependa maneno. Alifukiza ubani, akanuiza, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mgonjwa, ambaye sasa alikuwa msichana aliyepotelea ndani ya gauni lake mwenyewe.

"Nani kampandisha?"

"Giaboksi niliipandisha mimi."

"Sikuuliza giaboksi." Mganga akakinusa kiganja chake. "Au labda nimeuliza hiyo hiyo. Kulikuwa na kifungo cha kumzuia. Kiko wapi?"

Nyoofu alitazama kona ya vyuma chakavu. Lori la wanunuzi wa vyuma lilikuwa limeshapita. Palibaki doa la kutu tu.

Mganga akaanza kukusanya vitu vyake. "Mimi namshusha jini aliyepanda kichwani, baba. Huyu hakupanda. Anasafiri, na mkeo ndiye barabara. Msafiri hashushwi njiani mpaka afike."

"Afike wapi?"

"Mwenyewe sitaki kujua," mganga alinong'ona, akatoka bila kuaga.

Msichana alimtazama Nyoofu kwa macho yasiyomjua. "Shikamoo, mjomba. Mama atakuja kunichukua saa ngapi?"

Nyoofu aliitika "marahaba" kwa sauti kama ya kuazima.

Akakimbilia gereji akaishusha tena ile giaboksi peke yake, kifuani, bila jeki, oili ikimmwagikia shingoni ikiwa ya vuguvugu kama mate, akiwaza tindo na nyundo, akiwaza kwamba alichokivunja yule mzee na yeye atakivunja hata kama hana waya, na alipofungua kifuniko na kuipapasa gia ya rivasi aliyoifunga kwa mikono yake, chuma alichokijua, vidole vyake vikagusa kitu kisicho chuma, akafuta oili kwa kitambaa, akaona meno, meno ya mtu, yamepangika kuizunguka gia, ya kutafunia na ya mbele, na katikati lile la mbele lililomeguka pembeni, ambalo mkewe alikuwa akilificha kwa kiganja kila anapocheka.

Akaweka tindo. Akapiga kidogo tu.

Ndani ya nyumba mtoto alipiga yowe. Nyoofu alipofika alimkuta mchanga kabisa, sakafuni, ufizi mtupu ukivuja damu.

Akamfunga kwenye shuka, akampakata mlangoni, akamwimbia, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine aliyoijua ya kufanya. Jua lilikuwa bado halijatua. Shuka lilikuwa likipungua uzito mikononi mwake, polepole, kama ndoo inayovuja, naye hakuthubutu kulifunua, mpaka lilipolala bapa juu ya mapaja yake, likiwa na joto bado.

Kule gereji, giaboksi ikiwa chini na gari halina kitu tumboni, mtu alikanyaga klachi. Kitu kikameza mate.

"Mzee," iliita sauti ya mkewe, ile ile ya siku zote, yenye kicheko ndani yake. "Njoo ukae wewe kwenye usukani. Mimi nimeshafika."