Nitwike Ndoo

Haya yalimpata Chande, mwenzangu wa kazi hotelini Galu, na tangu siku hiyo hakimbii tena.

Kila asubuhi alikimbia na hedifoni zake zisizo na waya, zile zinazokaa mbele ya sikio bila kuliziba. Watu walidhani hasikii, naye hakuwasahihisha, maana dhana hiyo ilimfaa. Jirani yake, Bi Mwanasiti, ajuza mwenye mgongo uliopinda, alikuwa akimwita kisimani: "Chande mwanangu, nitwike ndoo." Alimsikia vizuri, akapita.

Siku moja alimwita kwa sauti nyingine. "Chande, nimeanguka. Nishike mkono." Chande akazidisha mbio. Adhuhuri wakamwokota keshapoa, na mazikoni Chande alilia kuwashinda wajukuu.

Asubuhi ya tatu, akirudi nyumbani kabla hakujapambazuka, alisikia nyuma yake miguu ikiburura na maji yakichezacheza ndooni. Alizima muziki. Akavua hedifoni, akazitia mfukoni. Miguu iliendelea kumfuata. Aliingia ndani, akatia komeo, akauegemea mlango kwa mgongo.

"Hodi," sauti ya kikongwe ilibisha nje.

Chande alitaka kumkataza mkewe, Subira, asijibu, lakini alichelewa. Subira alikuwa jikoni, na kwao hodi haiachwi bila jibu.

"Karibu, pita ndani," akaitikia.

Mlango haukufunguka. Ila mle gizani, mbele ya Chande, ndoo iliyojaa ilituliwa sakafuni taratibu, na maji baridi yakamrukia vidoleni.