Wa Tano Kwenye Lista

Kisiwa chenyewe sikitaji jina. Kipo si mbali na Vamizi, huku kaskazini ya Msumbiji, na wanaokaa kule ni watu wema, sitaki wageni waanze kuwaogopa kwa maneno yangu. Nitasema tu yaliyompata mdogo wangu Vitória na mumewe Lourenço. Waliposhuka kwenye boti hapa Palma ni mimi niliyewapokea, na mpaka leo tunakaa ua mmoja.

Mwaka ule wa vita, Palma ilipoungua, kila mtu alikimbia alikoweza. Mimi nilirudi Mueda, mlimani, kwa wazee wetu. Wao walipata boti ya kisiwani. Walikuwa wanne: Lourenço, fundi seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari, Vitória, Fábio wa miaka kumi na mitatu, na Yolanda wa miaka saba, kipenzi changu. Yolanda alikuwa na kazi moja tu duniani, kuchora kuku, na kila kuku wake alikuwa na miguu mitatu. Nilikuwa namcheka: "Kuku gani huyu?" Alinijibu bila kutabasamu: "Wa tatu ni wa akiba, mama mkubwa. Mmoja ukivunjika."

Kisiwani walipewa nyumba ya mawe iliyokuwa wazi, karibu na maji. Paa zima, kisima hatua ishirini, upepo mzuri. Vitória aliniambia kwamba asubuhi ile ya kwanza alifagia huku anaimba, kitu ambacho hakukifanya tangu watoke Palma. Kwenye mwimo wa mlango, usawa wa kifua cha mtoto, mtu alikuwa amekwaruza chokaa kwa msumari: SUMAIA. Lourenço hawezi kuona ubao bila kuupima. Aliwasimamisha watoto pale pale na kupiga mstari wa penseli juu ya kila kichwa, waone watakavyorefuka.

Mchana akaja sekretario wa mtaa, Abudo, na karatasi zake. Chakula cha msaada kiligawiwa kwa vichwa. Nyumba ya watu watano ilipata gunia zima la mchele. Ya wanne iligawana gunia na jirani.

"Mko wangapi, fundi?"

"Watano."

Vitória alikuwa anachambua maharagwe. Aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Njaa waliyotoka nayo Palma ilikuwa bado imo mwilini, na kwa hilo simlaumu.

"Wa tano anaitwa nani?"

Macho ya shemeji yangu yakaenda kwenye mwimo. "Sumaia."

Kalamu ikasimama. "Miaka?"

"Saba."

"Saba, na Yolanda saba?"

"Pacha," alisema Lourenço. Mtu akishaonja uongo huongeza chumvi.

Sekretario aliinua macho. "Huyu Sumaia ni mtoto wako?"

"Ni wangu."

"Haya. Umesema mwenyewe." Akaandika.

Alasiri jirani yao, Bibi Mwanahamisi, alileta samaki wa kukaanga. Walikuwa watano. Hakuvuka kizingiti. Alimvuta Vitória pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Mama Fábio, jina lile mmelitoa wapi?"

"Mlangoni, bibi. Tumeandikisha tu."

"Sisi hapa mtoto aliyechukuliwa na maji, asiyezikwa, hatumwiti kwa jina. Tunasema yule wa maji, basi. Alitoka mchana na fimbo yake ya pweza, hakurudi. Wazee wake walihama, jina wakaliacha mlangoni. Ukimwita, unamwambia nyumbani kuna watu."

"Hatujamwita, bibi."

"Na chakula chake mtakula?"

Vitória aliwapokea samaki, akaingia ndani. Gunia lilikuja, wakala.

Mwezi wa pili tangu wafike akaja dada mmoja wa misaada, Cadija, kuhakiki nyumba kwa nyumba. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Vitória alitandika mkeka, akapanga sahani tano za wali, akawakalisha Lourenço, Fábio na Yolanda. Alikuwa ameshatunga la kusema: Sumaia ameenda kisimani. Cadija aliinama mlangoni, akachungulia, akatia alama kwenye karatasi.

"Watano. Sawa."

Uongo wa Vitória ulibaki mdomoni. Alimfuata nje mbio. "Dada, watoto umewaona wote?"

"Wote watatu. Yule wa kwenye kona ana haya, hakutaka kugeuka. Mkaushe nywele, mama, atashikwa na homa."

Vitória akarudi ndani. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa. Sahani ya tano ilikuwa nyeupe, haina hata punje.

Tangu siku ile Yolanda alianza kupungua. Alikula, na alikula sana, lakini chakula hakikumkaa. Mbavu zikatokeza. Kila mchana maji yakipwa alikaa kwenye kona ile na kunong'ona. Mama yake alipomwuliza anaongea na nani, alijibu, "Pacha wangu. Baba si ndiye aliyesema?"

Lourenço akamsimamisha tena kwenye mwimo. Alipima mara tatu, kwa sababu fundi haamini mara moja. Kichwa cha mtoto kilikuwa chini ya mstari wa mwanzo, upana wa vidole viwili. Na kulikuwa na mstari mwingine, wa tatu, ambao hakuupiga yeye. Haukuwa wa penseli. Aliugusa, akalamba kidole. Chumvi.

Wiki iliyofuata mstari ule ulikuwa umepanda. Wa Yolanda ulikuwa umeshuka.

"Tuondoke," alisema Vitória. "Leo."

Kuondoka kulihitaji gia, karatasi ya safari, maana ilikuwa bado vita. Gia iliandikwa kutoka kwenye lista, ile orodha ya sekretario. Walishuka ufukweni na vifurushi, na Carimo mwenye boti aliisoma, akawahesabu kwa kidole, akazima mashine.

"Wanne. Hapa pameandikwa watano."

"Mmoja anabaki," alisema Lourenço.

"Anabaki na nani, mtoto wa miaka saba? Kule Palma askari wanahesabu, fundi. Nikifika na pungufu wataniuliza nimemshusha wapi, msituni kwa waasi? Siwezi. Mleteni tuondoke."

Lourenço akaenda kwa sekretario. Alimkiria yote, mpaka lile la pacha. "Mfute," alimwomba. "Nifunge ukitaka, lakini mfute."

"Mtu hafutwi hivi hivi," alisema Abudo. "Akihama, anafutwa akishaandikwa alikohamia. Akifa, nionyeshe kaburi. Kaburi lake liko wapi?"

"Ulijua nadanganya."

"Nilijua. Ni mtoto wa ndugu yangu." Mzee yule alikunja karatasi taratibu. "Miaka mitatu hakuna mtu aliyethubutu kusema ni wa kwake. Wewe ulisema. Nilikuuliza kabla sijaandika, fundi."

Walijaribu tena baada ya siku nne. Carimo alihesabu wanne. Walijaribu tena. Wanne. Pande zote maji, na maji yenyewe ndiyo waliyoyaogopa. Yolanda akawa hasimami. Mganga wa kisiwa alimtazama na kusema mtoto huyu anahitaji hospitali ya bara, tena upesi, la sivyo hamalizi wiki.

Sasa nakuja kwenye lile ninalomlaumu mdogo wangu, ingawa sijui kama mimi ningefanya lingine.

Saa sita mchana. Vitória alimfunga Yolanda mgongoni kwa kanga. Alikuwa mwepesi, aliniambia, kama kapu tupu. Lourenço na Fábio walikuwa wametangulia ufukweni. Vitória alisimama kizingitini, akageukia ndani. Akaita.

"Sumaia. Njoo twende."

Alikaza fundo la kanga. Upepo ulikoma. Kisha akasikia miguu midogo, mitupu, yenye maji, ikipiga sakafu. Inakuja. Hakugeuka. Alianza kutembea. Nyuma yake mchanga ulikuwa unalia chap, chap, chap. Bibi Mwanahamisi alikuwa uani kwake. Alipoona, aliingia ndani na kufunga mlango.

Carimo akahesabu. "Watano. Pandeni."

Njiani Vitória alifumba macho. Kwenye mgongo wake mtoto alianza kuwa mzito. Kila wimbi, mzito zaidi. Kanga ikambana kifuani mpaka akashindwa kupumua. Alifurahi. Aliniambia hivyo mwenyewe, alifurahi, alimshukuru Mungu kwamba mtoto wake anapona.

Mimi nilikuwa nimesharudi Palma, nasubiri ufukweni. Askari akahesabu. "Quatro, wanne. Gia inasema cinco, watano." Carimo aligeuka kutazama boti yake, rangi ikamtoka usoni. Mimi sikujua kitu, niliona tu ndugu zangu wanataka kurudishwa. Nikajitosa: "Wa tano ni mimi, nimeshuka kwanza!" Askari hakusoma majina. Akatupisha. Kwa hiyo na mimi nimo.

Yolanda alishuka mgongoni kwa mama yake akiwa mnene, mashavu yamejaa. Hospitali hatukwenda. Tulilia, tukacheka, nikachinja jogoo.

Siku ya tatu mtoto hakuonekana. Tulimkuta ufukweni, maji yamekupwa, kwenye miamba. Yolanda wetu, mzaliwa wa watu wa mlimani, aliyekuwa analia maji yakimfika magotini. Alikuwa ameshika fimbo, na kwenye fimbo kulikuwa na pweza. "Mama mkubwa," aliniambia, "huyu lazima umpige kwanza, ndipo analainika."

Nilimwita jina lake mara mbili kabla hajageuka.

Jioni ile nikampa karatasi na penseli. Nikamwambia, mchoree mama mkubwa kuku. Alichora polepole, ulimi nje. Akanipa. Kuku mzuri sana.

Miguu miwili.

Nilimwonyesha Vitória. Aliitazama karatasi, akaikunja ndogo, ndogo sana, akaitia kifuani. "Watoto wanakua, mana, dada yangu," alisema. Akaendelea kumsuka yule mtoto nywele. Nywele zile hazikauki. Tumejaribu jua, tumejaribu taulo.

Mwezi uliopita Carimo alinifuata sokoni. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya kibanda, akatoa simu. Picha ya mwimo wa mlango ule. Nyumba bado ni tupu, hakuna aliyekubali kuingia. Jina la Sumaia halipo tena. Chokaa pale ni laini, kama haikuguswa na mtu. Chini yake, chini kabisa, karibu na sakafu, pamekwaruzwa YOLANDA.

Kando ya jina kuna kuku. Ana miguu mitatu.

Lourenço aliiona ile picha, akaondoka bila kofia kwenda kuomba gia ya kurudi kisiwani. Walimpigia simu sekretario. Abudo akajibu kwamba kwenye lista yake watoto wote wa fundi wamehamia Palma, wote watatu, na gia ya kumfuata mtu asiyeandikwa haitolewi. Lourenço ameomba mara nne. Hana maneno tena shemeji yangu, hata utani wangu haujibu.

Mimi namngoja Carimo kila akirudi. Anasema kuku wanaongezeka pale mlangoni, kila safari anakuta mpya. Nilimwomba asinipigie picha tena, aniambie tu.

Kuku wa wiki iliyopita alikuwa na miguu miwili, ule wa akiba haupo. Wa jana, mmoja.